Bugaluu ya Marehemu Kondo

Suruali ya marehemu iliniishia katikati ya miundi.

"Vuta chini," alisema Nsajigwa.

"Nikiivuta zaidi makalio yatabaki nje, na mwaka sabini na nne makalio ya nje hayakuwa mtindo."

"Basi simama kama mtu mfupi."

Nilijaribu kusimama kama mtu mfupi. Si kazi nyepesi. Mimi ni Mihayo, Mnyamwezi wa Urambo, kidato cha tano, na kwenye paredi ya asubuhi viranja hunitumia kama mlingoti wa kunyooshea mistari. Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na sehemu kubwa ya urefu wake ilitoka kwenye viatu. Viatu vyenyewe bado vilikuwa ndani ya tranka, vimeviringishwa kwenye taulo: raizoni nyekundu, soli nene kama tofali, mtu akizivaa anaona hali ya hewa kabla ya wenzake. Nilizivaa. Vidole viliingia. Visigino vilikataa, vikabaki vinaning'inia nyuma kama mizigo iliyozidi kwenye buti la gari.

Tulikuwa kwenye stoo ya matranka, nyuma ya bweni, Jumamosi baada ya makande. Tranka la Kondo lilikuwa bado pale kwa sababu hakuna mtu aliyelifuata. Ufunguo alikuwa akiuficha ndani ya kipande cha sabuni ya kufulia, na Nsajigwa alijua kipande kipi.

Napenda kutamka kwa masikitiko makubwa, masikitiko ambayo kwa sababu za kitaalamu sina, kwamba Kondo alifariki mwezi Machi, kwenye matembezi ya jiografia mlimani Uluguru. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Yeye alikuwa nyuma yetu, anaimba, na kilima kikateremka. Kosa halikuwa la mtu yeyote. Mwalimu wa jiografia alisema hata yeye asingeweza kukisoma kilima kile, naye ndiye anayesoma vilima.

Jioni ile ile gari jeupe la Kituo cha Faraja liliingia getini. Wazazi wetu walikuwa wameshakubali kwa kidole gumba, kila mmoja kwenye simu yake. Tulipanga foleni kama ya chanjo. Kabla ya taa kuzimwa, kila aliyemfahamu Kondo kwa karibu alikuwa na punje nyuma ya sikio la kushoto, ndogo kama ulezi. Kesho yake tulikula uji kama kawaida. Wiki iliyofuata nilipata alama kwenye fizikia ambazo sijawahi kupata maishani, na mwalimu akanipongeza mbele ya darasa, nami nikasema asante mwalimu.

Hiyo ndiyo ganzi. Haikufutii kitu. Ukitaka kumkumbuka mtu wako unamkumbuka vizuri sana, na jina la baba yake, na namba ya kitanda chake. Ila haumi. Tena mwanzoni punje inakuwa bado inajifunza, inapapasa ndani yako kama mpangaji mgeni anayetafuta swichi za taa. Ikishajua njia zote ambazo majonzi hupitia, inazifunga, na haifunguki tena. Zetu zilikuwa zinafungwa Jumatatu. Baada ya Jumatatu ningemkumbuka Kondo kama ninavyokumbuka mito ya nchi hii. Rufiji. Ruvu. Wami. Kondo.

Na kusema kweli, nilipofikiria hivyo, niliona sawa tu.

"Visigino vinaonekana," alisema Nsajigwa.

"Viache vionekane. Mtani hapendezi. Mtani anaonekana."

Nsajigwa ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, na miwani yake ina akili kuliko mimi. Siku ile alikuwa amevaa shati alilolishona mwenyewe kutoka kwenye pazia la bibi yake, maua makubwa ya machungwa, kola kama mabawa ya ndege. Alinitazama kutoka kofia mpaka visigino, kofia ya Kondo, ya pama, iliyonikaa juu ya utosi kama kifuniko cha sufuria kwenye pipa.

"Na Kidawa akisema hataki?" aliuliza.

"Mtani haombi ruhusa. Ndiyo sheria."

"Sheria ya enzi hizo."

"Na sisi si tunakwenda Baa ya Sabini na Nne?"

"Baa ndiyo ya enzi hizo," alisema Nsajigwa. "Kidawa hakufiwa mwaka sabini na nne. Kafiwa Machi."

Nikafunga tranka.

*

Ni vizuri nieleze mpango wetu kabla haujaharibika.

Kidawa ni mdogo wake Kondo, kidato cha nne, shule hii hii, bweni la ng'ambo ya uwanja. Punje yake ilipandikizwa usiku ule ule, akiwa wa kwanza kwenye foleni, kwa heshima ya ufiwa. Wazazi wao walitumia ganzi nyumba nzima. Hapakuwa na matanga. Wafanyakazi wa Kituo walizika asubuhi, vizuri, kwa glavu, na nyumbani kwa marehemu hakikupikwa hata chungu kimoja cha wali wa wageni. Bibi yangu aliposikia alipiga simu kutoka Urambo.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "kwenye msiba wa yule mtani wako nani alilala kaburini?"

"Hakuna, bibi."

"Hakuna? Mzaramo kaingia kaburini bure?"

Alikata simu. Nadhani hakuwahi kutukanwa hivyo.

Kwao na kwetu, tangu Wanyamwezi walipoteremka pwani na mizigo kichwani, Mzaramo akifa Mnyamwezi ana kazi ya kufanya. Anavaa nguo za marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai madeni yake, anatukana wafiwa, analala ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Watu wanacheka mpaka wanalia, au wanalia mpaka wanacheka, hakuna anayesimama kupima. Kondo na mimi tuliianza kazi hiyo kabla ya wakati. Yeye alilala kitanda cha chini, mimi cha juu, na kila jioni tulitukanana mpaka kiranja wa bweni anatupa adhabu ya kudeki. Niseme wazi: kwa utaratibu huo, msiba wa Kondo ulikuwa ajira yangu ya kwanza, na gari jeupe liliniachisha kazi kabla sijaripoti.

Sasa, fundi aliyetupandikiza punje alikuwa kijana mchangamfu, mtoto wa magorofani. Akimaliza na kila mmoja anampa onyo moja. "Mnaweza kucheka, mnaweza hata kulia kidogo. Ila mpaka zifungwe, msichanganye." Halafu akacheka peke yake. "Ingawa nani atacheka na kulia kwa mpigo mmoja?"

Mimi na Nsajigwa tulitazamana. Kijana wa watu hakuwahi kufika kwenye msiba wenye watani.

Nsajigwa alinichambulia jambo lenyewe siku chache baadaye, tukiwa tunamenya viazi vya adhabu. Punje husikiliza pumzi na mapigo ya moyo. Ikisikia kilio kinakuja, inaziba. Ikisikia kicheko, inalegea na kupumzika, kwa kuwa waliotengeneza waliamini kwamba mtu anayecheka hana msiba. Kilio kikipita ndani ya kicheko, punje inamfungulia mgeni mmoja aliyevaa nguo za mgeni mwingine. Akishaingia, mlango haufungiki tena. Kituo kinaita hali hiyo hitilafu. Kumsababishia mwenzako hitilafu bila ridhaa yake ni kosa, na shule inaweza kukufukuza kwalo.

Mpango ulikuwa kumchekesha Kidawa kabla ya Jumatatu.

Kwa nini? Nsajigwa aliniuliza mara nyingi. Nilimwambia ni wajibu. Huo ndio ukweli wote niliokuwa nao. Sikuwa na huruma, sikuwa na hamu, nilikwenda kama mtu anayemalizia zamu ya kufagia uwanja. Nilikumbuka tu kwamba zamani, kabla ya Machi, ningetaka.

*

Baa ya Sabini na Nne iko chini ya mlima, karibu na uliokuwa mtaa wa kiwanda cha kuchambua pamba, na Jumamosi mchana inawafungulia vijana bugi, yaani dansi la soda tupu. Simu na miwani ya kidijitali vinaachwa kwenye kapu mlangoni. Ukiingia ndani ni mwaka sabini na nne mpaka utakapotoka: feni la dari, viti vya plastiki vilivyofumwa, mashine ya santuri inayokula sarafu moja kwa wimbo mmoja. Kila mteja hupewa sarafu moja ya bandia mlangoni, pamoja na ukaguzi.

Ukaguzi hufanywa na mwenyewe, Mzee Mkude, aliyevaa shati la kijani la doria. Anadai kwamba enzi hizo vijana wa doria walikuwa wanakamata bugaluu, zile suruali pana chini, zinazobana mapaja, na kipimo kilikuwa chupa ya soda. Chupa inatumbukizwa kiunoni. Ikiteleza na kutokea chini, uko huru. Ikikwama, umekamatwa, na adhabu ni kucheza wimbo mzima peke yako. Kondo alikuwa anakwama kila mara. Mapaja yake yalikuwa ya mtu anayependa chapati. Nadhani alikuwa anakwama kwa makusudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo nikupime, ndugu mhalifu." Akatumbukiza chupa. Miguu yangu ni mijiti miwili. Chupa ilishuka bila kugusa popote, ikaniangukia kwenye dole gumba. Nsajigwa akacheka. Mzee Mkude hakucheka. Alikuwa ameinama kuiokota chupa, na uso wake ulikuwa umefika usawa wa pindo.

"Hii suruali naijua," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Hii ni ya yule mfupi. Yule anayeviamkia viti." Akainuka, ameshika chupa. "Yeye yuko wapi? Miezi miwili simwoni."

"Alikufa, mzee," nilisema. Nilisema kama mtu anayesema duka limefungwa.

Mzee Mkude hakuwa na punje. Akaegemea fremu ya mlango, na machozi yakamshuka bila haraka, moja likapita kwenye mkunjo wa pua, likaingia kwenye masharubu. Nilimtazama kwa makini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kumwona mtu akimlilia Kondo, na huyu alimjua kwa chupa ya soda tu. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kumpa. Nilikuta pamefagiliwa.

"Poleni sana, wanangu," alisema akijifuta kwa mkono wa shati la doria. Halafu akatutazama sote wawili, na ua la machungwa kifuani kwa Nsajigwa. "Lakini ninyi naona mko salama."

"Tuko salama, mzee."

Akatupa sarafu zetu, tukaingia.

*

Kidawa alikuwa kwenye meza yetu ya siku zote, karibu na mashine ya santuri. Gauni fupi la madoadoa, wigi la afro kubwa kama kichaka, hereni za plastiki za duara. Mbele yake soda ya tangawizi. Kiti cha Kondo kilikuwa kitupu kando yake, si kwa kumbukumbu, ila kwa sababu hakuna aliyefikiria kukiondoa.

Nikavuta pumzi, nikatanguliza kiuno mbele kama Kondo, nikashika kofia kwa vidole viwili. Raizoni zilipiga sakafu ko, ko, ko. Nikafika kwenye meza, nikainamia kiti.

"Shikamoo, kiti," nikasema kwa sauti ya Kondo, ile ya puani. Nikasikiliza jibu lake. "Umezeeka. Na ninyi, habari zenu, wapangaji?"

Ndivyo alivyotusalimu siku zote. Kwa imani yake, Dar es Salaam yote ni ya Wazaramo, na taifa zima lililobaki linakaa kwa kupanga.

Kidawa aliweka soda chini. "Umevaa suruali ya kaka," alisema, kama anataja rangi ya ukuta.

"Suruali ya kaka gani? Mimi ndiye kaka. Nimetoka huko mara moja, nimefuata raizoni zangu. Huko wamenigawia kandambili, tena zote za mguu wa kushoto."

"Huko kukoje?" aliuliza Nsajigwa, kama tulivyopanga, kwa sauti ya mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

"Pazuri. Tatizo ni getini. Pamejaa Wanyamwezi. Kila anayefika anakataa kuingia, anauliza mizigo iko wapi." Nikachukua chumvi, nikamwagia kwenye soda yake ipande povu, kama Kondo alivyokuwa akifanya bila kuombwa. "Nikawaambia, ingieni, mizigo hakuna. Wakalia sana."

Pembe ya mdomo wa Kidawa ilicheza. Niliiona. Kisha ikatulia, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka nyuma ya sikio la kushoto, chini ya wigi.

"Mihayo," alisema. "Acha kwanza."

Nikaacha. Sauti ya Kondo ikanitoka, nikabaki mtu mrefu mwenye nguo fupi.

"Unajua ninachofanya?"

"Fundi alituambia sote maneno yale yale. Nikajua tu mtakuja na kitu. Ninyi wawili mlishawahi kunywa soda bila hila?"

"Basi tuambie," alisema Nsajigwa haraka, na nikajua swali hili lilimlalia kifuani siku nyingi. "Unataka, au hutaki? Ukisema hutaki tunakunywa soda, tunarudi bwenini. Kweli tena."

Kidawa alitazama povu likishuka ndani ya chupa. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu.

"Sijui," alisema. "Hapo ndipo pabaya. Nikijiuliza kama nataka kumlilia kaka, ni kama kumwuliza mtu aliyeshiba kama anataka samaki. Sitaki. Sikatai. Mkiniambia Jumatatu inafungwa, naona sawa. Mkiniambia tuifungue, naona sawa. Mama anapiga simu kila jioni, ananisifu kwamba mimi hodari." Akaisukuma chupa pembeni. "Mimi si hodari, Mihayo. Mimi sipo."

Nsajigwa alivua miwani akaifuta kwa pazia la bibi yake. "Basi hatuwezi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mtu asiyeweza kukataa hawezi kukubali. Kama fundi alimfanyia kitu bila kumwuliza, na sisi tukamfanyie kingine bila kumwuliza, tutakuwa na tofauti gani naye? Glavu tu."

Alisema kweli, kama kawaida yake. Nikafikiria kuvua kofia. Halafu nikakumbuka kipande cha desturi ambacho bibi hukisimulia kwa fahari, kwa kuwa ndicho kilicholisha ukoo wetu.

"Kuna malipo," nikasema.

"Malipo gani?"

"Mtani haombi ruhusa kuingia kaburini. Lakini mfiwa ana uwezo wa kumtoa. Anamlipa. Kitu chochote, hata kidogo. Mtani akishashika malipo, anainuka, anajipangusa, na hatamki neno tena. Hata mtani mwenye kichaa hawezi kuyakataa." Nikaonesha sarafu yake ya bandia, iliyokuwa mezani karibu na kizibo. "Hiyo inatosha. Si lazima ujue unataka nini. Ukichoka tu, au ukiogopa, au ukiniona sichekeshi, niwekee mkononi. Nitavua hizi nguo, nitazirudisha kwenye tranka, na Jumatatu punje ijifunge. Sitakulaumu."

Kidawa aliichukua sarafu. Akaikandamiza juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Na wewe unataka?" aliuliza.

"Mimi niko kazini."

"Muongo."

"Siwezi kusema uongo kwa jambo nisilolisikia."

"Haya," alisema. "Fanya kazi yako."

Basi nikalala kaburini. Yaani nililala chali kwenye sakafu ya Baa ya Sabini na Nne, kati ya meza yetu na mashine ya santuri, mikono kifuani, kofia ya pama usoni. Meza za jirani ziligeuka. Mtu akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya burudani. Sakafu ilikuwa baridi, na ilinata soda.

"Sitoki," nilitangaza kutoka chini ya kofia. "Sitoki mpaka nilipwe. Tena nina malalamiko. Kaburi hili ni fupi! Limechimbwa kwa kipimo cha Mzaramo! Mimi nikilala humu miguu inabaki nje, mtaifunika na nini? Ng'ombe watajikwaa! Nani aliyekuja na futi? Mliuza futi mkacheze ngoma?"

Nyuma yangu wakacheka. Nilinyanyua kofia kidogo. Kidawa alikuwa ameinama juu yangu, wigi limemwangukia upande mmoja, anatazama miundi yangu mitupu, kisha visigino vyangu vinavyoning'inia nje ya raizoni za kaka yake.

"Ikatwe," alisema.

"Nini?"

"Miguu. Mpagazi ana haja gani ya miguu, na mzigo wenyewe hana?"

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kupitia puani. Hakuwa anamwiga mtu. Ndivyo kwao wanavyoongea.

Nikacheka. Kicheko kilinitoka tumboni bila kunipigia hodi, nikiwa chali, mpaka raizoni moja ikafyatuka mguuni na kubingirika chini ya mashine ya santuri. Na katikati ya kicheko nikafanya kitu ambacho sikukipanga: nikasubiri tusi linalofuata. Nililisubiri kutoka chini, kutoka kitanda cha chini, kama kila jioni. Kondo hakuwahi kuacha tusi moja liende peke yake. Lazima liwe mawili.

Halikuja.

Nikasikia harufu ya udongo mbichi. Nikasikia wimbo nyuma yetu kwenye njia ya mlimani, na safari hii niliusikia ulipokatika, katikati ya neno, na neno lenyewe nililijua, na silabi iliyobaki nilikuwa nayo mdomoni tangu Machi.

Sitaeleza zaidi. Nilikuwa bado nacheka. Sauti haikubadilika mara moja. Nsajigwa aliniambia baadaye kwamba hata yeye hakugundua mpaka alipoona maji yanaingia masikioni mwangu.

"Mihayo?" Alikuwa amepiga magoti. "Mihayo, jamani. Si wewe. Haikupaswa kuwa wewe."

Mlangoni Mzee Mkude alisimama na chupa yake, hakumkagua mtu.

Kidawa alichuchumaa kando yangu. Hereni zake zilikuwa zinacheza. "Imefunguka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ikoje?"

Alinitazama kama mtu aliye juu ya ukingo anavyomwuliza aliyekwisha kuruka kama maji ni ya baridi. Ningeweza kumdanganya. Maisha yangu yote nimewaambia watu maji ni ya moto.

"Inauma," nilisema. "Inauma mpaka kwenye meno. Kidawa, lipa." Nikanyoosha mkono, kiganja juu, pale sakafuni. "Lipa tu. Nakuomba. Sikujua iko hivi. Nilipe nitoke, ijifunge Jumatatu, ulale. Si utani. Lipa."

Aliichukua sarafu. Nikasikia ukingo wake ukigusa kiganja changu, baridi, na ukakaa hapo. Nilifumba macho nikingoja vidole vyangu vifunge.

Kisha ubaridi ukaondoka.

Nilipofumbua, Kidawa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya santuri. Aliinama, akatoa raizoni iliyokuwa chini yake, akaipangusa kwa gauni. Halafu akatumbukiza sarafu na kubonyeza bila kutafuta, namba ile ile ambayo Kondo alikuwa anabonyeza kila Jumamosi, ya wimbo ambao gita lake linatangulia peke yake kama mtu anayepiga hodi nyumba anayoijua.

Alirudi. Akakivuta kiti cha kaka yake mpaka karibu na kichwa changu. Kabla hajakaa alikiinamia kidogo, midomo ikatikisika, lakini sikusikia alichokiambia. Akakaa. Akanivisha raizoni, akakisukuma kisigino kama mama anayemvisha mtoto mkaidi viatu vya shule, na hakikuingia.

Mkono wake ulikuwa nyuma ya sikio la kushoto.

"Kaburi fupi," alisema. "Ulifika hapo. Endelea."

Nikafuta kamasi kwa kofia ya marehemu, nikaendelea.